UZI: Córdoba, Hispania. Mji mkongwe ambao wengi tunaupita mbio tukienda Sevilla

Mzururaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Humu jamvini kila anayetoka Hispania analeta picha za viwanja vya mpira, Madrid na Barcelona, basi. Córdoba ikitajwa, inatajwa kama mahali pa kushuka kwenye treni, kuuona "ule msikiti", kunywa kahawa na kupanda tena. Mimi nipo huku Ulaya kikazi. Mwezi wa nne nikapata likizo, nikaamua kulala Córdoba kwenyewe na kuuzunguka mji mkongwe kwa miguu. Hoja yangu ni moja na nitaitetea humu: mji ule hauonekani kwa saa tatu. Kila aliyeutawala alijenga juu ya kazi ya mwenzake, sasa ukipita mbio utaona kuta tu, hutajua nani alimkalia nani kichwani.

Nitaandika kwa vipande. Picha baadaye, mtandao wangu leo unasuasua.

Ramani kwanza. Kusini kuna mto Guadalquivir na daraja la Warumi lenye matao 16, ingawa limekarabatiwa mara nyingi mno hadi mawe ya Warumi wenyewe yamebaki machache. Ng'ambo ya daraja kuna mnara wa ulinzi, Calahorra. Ukivuka kuja mjini unapita lango la karne ya 16, na mbele yako ukuta mrefu wa rangi ya mchanga: huo ndio msikiti, ambao leo ni kanisa kuu la Wakatoliki. Kaskazini na magharibi yake ndiko kwenye mtaa wa zamani wa Wayahudi, Judería. Ukifuata mto kwenda magharibi unakuta ngome ya wafalme, Alcázar. Yote haya ni mwendo wa robo saa kama hukupotea. Utapotea.

Tarehe za kukaa nazo mkononi: Warumi waliufanya makao makuu ya jimbo la Baetica, na Seneca yule mwanafalsafa alizaliwa humo. Mwaka 711 Waislamu wakauchukua. Mwaka 756 ukawa makao ya maamiri wa Bani Umayya, na mwaka 929 Abdulrahman wa Tatu akajitangaza khalifa. Katika karne ile ya kumi ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya. Ukhalifa ukavunjika vipande mwaka 1031. Mwaka 1236 mfalme Fernando wa Tatu wa Castilla akauteka mji. Mengine yote yanafuata hapo.

Bint Forodhani

Siti ya mbele kabisa. Tiririka kaka.

Ngosha Mpole

Mkuu uzi bila picha ni sawa na porojo. Ila endelea, nafuatilia.

Mzururaji

Picha zinakuja, Ngosha, vuta subira.

Naanza na mkubwa wao, ule msikiti. Aliyelianzisha jumba ni Abdulrahman wa Kwanza, miaka ya 785 na 786. Huyu ni yule kijana wa Bani Umayya, ukoo uliokuwa ukitawala dola ya Kiislamu, aliyeponea chupuchupu wapinzani wao Bani Abbas walipoufyeka ukoo wake mwaka 750. Aliogelea mto Furati akamwacha mdogo wake ameuawa nyuma yake, akakatiza Afrika Kaskazini mpaka kwa wajomba zake Waberiberi, akaibukia Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, na kuutwaa uamiri. Kwa hiyo unapoingia mle ndani, umeingia katika jengo la mkimbizi aliyepania kuonyesha kwamba ukoo wake haujafa.

Waliomfuata wakaongeza. Abdulrahman wa Pili alisogeza ukuta wa kibla kusini, Al-Hakam wa Pili akausogeza tena kuanzia 962, na mwisho waziri Al-Mansur, ambaye Wahispania wanamwita Almanzor, akapanua kuanzia 987. Yeye kusini hakuweza kwenda kwa sababu mto ulishakuwa karibu, akapanua upande wa mashariki. Ndiyo maana mihrabu, kile kijumba cha ukutani kinachoonyesha kibla, leo haiko katikati ya jengo. Ukichanganya na ua wake, ni karibu mita 180 kwa 130. Nguzo zilizobaki ni 856.

Ndani, macho hayana pa kutua. Nguzo fupi za marumaru na granaiti, nyingine nyeusi, nyingine za waridi, na juu yake matao mawili mawili yaliyopandana, nyekundu na nyeupe, kila upande unaogeukia. Ukipiga hatua moja tu, mistari yote inajipanga upya. Nilikaa chini karibu na nguzo moja nikaiangalia: kichwa chake kimechongwa majani ya Kirumi, ya pembeni yake kichwa ni cha namna nyingine kabisa, na ya tatu fundi aliacha bila kuchonga majani yote. Zimeokotwa kwenye majengo ya kale zikaletwa pale.

Sasa siri ya bure: Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, unaingia bila kulipa. Makundi ya watalii hayaruhusiwi saa hiyo, na wanataka ukimya. Nenda mlangoni mapema kidogo. Baada ya hapo ni tiketi ya euro kumi na kitu, na mistari ya watu nyuma ya viongozi wenye vibendera. Jumapili kuna misa, ratiba inakatika katikati.

Fundi Mwashi

Mleta uzi, naomba nichomekee hapo kwenye matao mawili, maana ndiyo kazi yangu na jengo hili huwa nalisoma sana.

Watu wanadhani yale matao ya juu na ya chini ni mapambo. Hapana. Ukiokota nguzo za watu, tatizo lako la kwanza ni kwamba ni fupi na hazilingani. Ukiweka paa moja kwa moja juu yake, jumba la ukubwa ule linakuwa pango, hewa hakuna. Kwa hiyo wakasimamisha nguzo ya pili, ya mraba, juu ya ile ya kwanza. Lakini nguzo juu ya nguzo inayumba. Hapo ndipo wakafunga tao la chini, ambalo halibebi chochote: kazi yake ni kuzishika nguzo zisiachane. Tao la juu ndilo linabeba ukuta na paa, na juu ya kila ukuta kuna mfereji wa kutolea maji ya mvua. Angalia pia kwamba kadiri unavyopanda juu jengo linazidi kuwa nene, wakati sisi tumezoea kinyume chake. Na tofali jekundu linapokezana na jiwe jeupe. Warumi walishafanya mambo ya namna hiyo kwenye mfereji wao wa maji wa Los Milagros, mji wa Mérida, na wengi wanaamini ndiko mafundi wa Córdoba walikoiba ujuzi.

Mtu aliyewaza hilo mwaka 785 namvulia kofia.

Mzururaji

Fundi, umemaliza kila kitu. Nyongeza yangu moja: ukifika sehemu ya Almanzor, angalia matao kwa karibu. Huko walikuwa na haraka, nyekundu nyingi ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe, tofali hakuna. Ila nguzo zake zimechongwa upya kwa ajili ya kazi ile, zinafanana, na mafundi waliacha alama na majina yao kwa herufi za Kiarabu. Kuna sehemu zimewekwa nakala za alama hizo uzione vizuri. Mimi zilinigusa kuliko hata dhahabu ya mihrabu.

Tukiitaja mihrabu: ni ya Al-Hakam. Alimwomba kaisari wa Byzantium, dola ya Warumi wa mashariki, Mkristo, ampelekee fundi wa kupamba kwa vijiwe vya kioo. Kaisari akamleta fundi pamoja na shehena ya vijiwe vyenyewe, waandishi wa zamani wanataja kintari 320, kipimo chao cha uzito. Tao la mihrabu lote linawaka dhahabu, buluu na kijani, maandishi ya Qur'ani yamezunguka, na juu yake kuna kuba iliyofungwa kwa matao yanayokatana kama nyota. Mtalii hafiki ndani, kuna kizuizi cha chuma. Simama pembeni kidogo, usisimame katikati, vijiwe vile vinameta zaidi mwanga ukivipiga kwa ubavu.

Baharia wa Likoni

Ndugu yangu, hapo ndipo roho yangu huuma. Kazi ya namna hiyo, halafu Wahispania wakaja wakapachika kanisa katikati. Mimi nimetazama picha kutoka angani, kanisa limesimama juu ya paa la msikiti bila haya. Huo si ubabe?

Mtoto wa Katekista

Baharia, taratibu. Kabla ya msikiti pale palikuwa na majengo ya Wakristo, wenyewe wanaliita kanisa la San Vicente. Hata leo sakafuni kuna kioo, unachungulia chini unaona mosaiki, zile picha za vijiwe, za kabla ya 711. Kama ni ubabe, tuhesabu kuanzia mwanzo.

Mswahili wa Ruwi

Na ukihesabu kuanzia mwanzo utawafikia Warumi, na Warumi nao walimkuta mtu. Mleta uzi, tupe habari ya hilo kanisa limeingiaje, maana nimesikia hata Wakristo wenyewe wa mji ule walilikataa.

Mzururaji

Umesikia sawasawa, Mswahili. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Fernando alipouteka mji mwaka 1236, jengo lilifanywa kanisa hapo hapo, lakini halikubomolewa. Kwa karibu karne tatu waliongeza altare na vijikanisa pembeni, wakazika watu wao, basi. Mwaka 1523 askofu Alonso Manrique akataka kanisa kuu hasa, lenye msalaba wake na dari lake refu, katikati ya nguzo. Baraza la mji, Wakristo watupu, likagoma. Likatangaza kwamba fundi yeyote atakayeshika nyundo kubomoa atauawa. Shauri likapelekwa kwa kaisari Carlos wa Tano, mfalme wa Hispania wakati huo, naye akampa ushindi askofu. Inasimuliwa kwamba baadaye alipopita Córdoba na kuona kilichofanyika, alilaumu kwamba kitu kisicho na mfano duniani kimeharibiwa ili kujenga kitu kinachopatikana popote. Alisema au hakusema, Wakordoba wanakisimulia kisa hicho kwa ladha sana.

Mafundi wakuu walikuwa ukoo mmoja, Hernán Ruiz baba, mwana na mjukuu, na Juan de Ochoa akaimaliza kazi mwaka 1607. Lenyewe kanisa ni zuri, tusidanganyane. Viti vya kwaya vya karne ya 18, kazi ya Pedro Duque Cornejo, vimechongwa kwa mbao za mkangazi zilizovushwa bahari kutoka Amerika, kila kiti na sura zake. Lakini unatoka kwenye giza la nguzo fupi, ghafla dari linaruka juu, mwanga mweupe unamwagika. Mwili unashtuka.

Msimamo wangu: kanisa lile ni jeraha, na ni hilo hilo lililoliokoa jengo. Misikiti mikuu ya Sevilla na Toledo ilibomolewa ili makanisa makuu yajengwe mahali pake. Huu wa Córdoba ulipata mtu wa kusali ndani yake kila siku, paa likazibwa, nguzo zikabaki. Baharia najua hutakubali.

Baharia wa Likoni

Sikubali. Mwizi akiitunza vizuri baiskeli yangu haimfanyi kuwa mwenye baiskeli.

Mtoto wa Katekista

Hahaha. Na aliyekuuzia wewe baiskeli aliipata wapi?

Bint Forodhani

Jamani mtaharibu uzi. Kaka Mzururaji, Waislamu wanaruhusiwa kuswali mle?

Mzururaji

Hapana, dada. Ni kanisa linalotumika, misa kila siku, na swala ya Kiislamu imekatazwa, walinzi wapo. Miaka ya 2000 Waislamu wa Hispania waliomba rasmi waruhusiwe, maaskofu wakakataa. Kuna na mzozo mwingine wa kisheria: mwaka 2006 uaskofu uliliandikisha jengo kwa jina lake kwenye daftari la ardhi, kwa ada ya euro 30 hivi, na mpaka leo kuna wananchi wanaodai ni mali ya umma. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984, na mwaka 1994 ikaongeza mji mkongwe unaolizunguka. Hata jina la jengo linagombewa. Wengine wanasema Mezquita (msikiti) tu, uaskofu unapenda neno Catedral (kanisa kuu) lisikosekane.

Kisa cha mwisho kabla sijatoka humo, hiki ni kwa ajili ya nyote wawili mnaogombana. Mwaka 997 Almanzor alivamia Santiago de Compostela kule kaskazini, akachukua kengele za kanisa, akazileta Córdoba, zikageuzwa taa za msikitini. Masimulizi yanasema mateka Wakristo ndio waliozibeba. Mwaka 1236 Fernando alipoingia, akaamuru zirudishwe Santiago, safari hii kwa mabega ya mateka Waislamu. Kengele zile zile.

Ngosha Mpole

Hii ya kengele nimeipenda. Halafu si kulitokea moto hapo?

Mzururaji

Ndiyo, Agosto 2025, usiku, ulianzia kwenye kijikanisa kimoja upande wa Almanzor. Paa la sehemu ndogo liliporomoka, zimamoto wakauwahi. Mihrabu na nguzo zilizo nyingi hazikuguswa.

Tutoke nje. Ua wa michungwa mwanzoni mwa masika unanukia maua yake hadi barabarani. Zamani matao yanayoelekea uani yalikuwa wazi, na mwanga uliingia ndani moja kwa moja. Leo mengi yamezibwa, ndiyo sababu ya lile giza. Mnara wa kengele, karibu mita 54, ndani yake umeumeza mnara wa adhana wa Abdulrahman wa Tatu. Tufani liliuharibu mwaka 1589, wakaamua kuuvika koti la mawe badala ya kuubomoa. Unapandwa kwa tiketi ya pembeni.

Sasa Judería. Vichochoro vyeupe, vyungu vya maua ukutani, na maduka ya sumaku za friji, maana hatuwezi kuficha. Kile cha picha za mitandaoni, Calleja de las Flores, kina msongamano wa kusukumana. Pita, piga picha ya mnara kati ya kuta mbili, toka. Nguvu zako ziweke Calle Judíos.

Huko kuna sinagogi la mwaka 1315. Dogo sana, haifiki mita 7 kwa 7, kuta zote zimechorwa jasi kwa ufundi wa mafundi wa Kiislamu, na kati ya michoro hiyo zaburi kwa Kiebrania. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, jengo likawa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, halafu kanisa la chama cha washona viatu. Karne zote hizo maandishi yalikuwa yamefunikwa kwa lipu. Mwaka 1884 kipande cha lipu kikadondoka, herufi zikaonekana. Masinagogi ya zama zile yaliyosalia Hispania katika hali nzuri ni matatu tu, hili na mawili ya Toledo. Kaa humo dakika kumi, soma ukuta wa juu, uone jasi lilivyomomonyoka upande mmoja na lilivyobaki kali upande mwingine.

Hatua chache mbele kuna sanamu ya Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa mji huu katika karne ya 12. Ncha ya kiatu chake inang'aa kwa kushikwashikwa na watalii wanaotafuta hekima ya bure. Ukitoka lango la Almodóvar unamkuta Seneca, na ukifuata ukuta kuelekea kusini unamkuta Ibn Rushd, kadhi na mwanafalsafa, aliyezaliwa 1126, aliyewafundisha Wazungu kumsoma Aristotle.

Kipanga wa Mlimani

Hapo ndipo vitabu vya watalii vinapoanza kuimba kwamba Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi kwa raha mustarehe.

Mzururaji

Umenitoa maneno mdomoni. Viongozi wa watalii wanaipaka sukari. Miaka ya 850 Wakristo kadhaa waliuawa mjini hapo kwa kuukashifu Uislamu hadharani. Maimonides mwenyewe alihama na familia yake akiwa kijana baada ya Almohadi, watawala Waislamu wenye msimamo mkali kutoka Afrika Kaskazini, kuuchukua mji mwaka 1148, akaishia Misri kama tabibu wa watawala, na vitabu vyake vingi akaviandika kwa Kiarabu. Ibn Rushd, Mwislamu na kadhi, Almohadi hao hao walimfukuzia mji wa Lucena na vitabu vyake vikachomwa. Mwaka 1391, chini ya Wakristo, mtaa wa Wayahudi ulishambuliwa na watu wakauawa. Leo wote wamesimamishiwa sanamu na manispaa.

Lakini upande wa pili nao upo. Vijiwe vya mihrabu vilitoka kwa kaisari Mkristo, jasi la sinagogi lilichorwa kwa mtindo wa Kiislamu chini ya mfalme Mkristo. Watu walifanya kazi pamoja hata pale walipokuwa hawapendani. Hilo mimi linanitosha, sihitaji kuambiwa walikuwa wanakumbatiana.

Mswahili wa Ruwi

Nilikwenda Paris nikaona kwenye jumba la Louvre kijisanduku cha mviringo cha pembe za ndovu, kimeandikwa kilitengenezwa kwa Al-Mughira, mwana wa khalifa wa Córdoba, mwaka 968. Kimechongwa simba, farasi na watu wanaochuma mayai ya tai, vyote kwenye kitu kidogo cha kushika mkononi. Pembe ya tembo wa Afrika. Nilikizunguka mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Mzururaji

Enhe! Hicho ni kazi ya karakana za khalifa, zilizokuwa Córdoba na Madinat al-Zahra, mji wake wa kifalme nje kidogo ya Córdoba. Nitaufikia.

Haraka haraka yaliyobaki ya mtoni. Alcázar ni ya mwaka 1328, ya mfalme Alfonso wa Kumi na Moja. Malkia Isabel na mumewe Fernando (si yule wa 1236) waliitumia kama kambi ya vita vya kuiteka Granada ya Waislamu, na hapo ndipo Columbus alipokuja kuomba fedha za safari mwaka 1486. Baadaye ikawa makao ya Baraza la Kuhukumu Wazushi, na mwishowe gereza. Ndani hakuna mengi zaidi ya mosaiki za Kirumi, nzuri sana, zilizookolewa uwanja wa Corredera. Bustani ndizo za kukaa. Kando ya mto kuna gurudumu kubwa la maji la Albolafia, na hadithi ya mjini ni kwamba malkia Isabel aliagiza liondolewe kwa sababu kelele zake zilimnyima usingizi.

Darajani, katikati, kuna sanamu ya malaika Rafael ya mwaka 1651, iliyowekwa baada ya tauni. Watu bado wanawasha mishumaa miguuni pake, nta imeganda juu ya jiwe. Magari yaliondolewa daraja hilo mwaka 2004. Pita jua likizama, ukitokea ng'ambo kuja mjini.

Bint Forodhani

Chakula kaka. Na mtu asiyekula nguruwe anafanyaje?

Mzururaji

Dada, nguruwe wanamtia hata pasipotarajiwa, kwa hiyo sema mapema. Salmorejo ndiyo ya kwao hasa: nyanya, mkate uliolowekwa, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, vinasagwa pamoja hadi uzito wa uji, unakunywa baridi. Juu wanamwaga yai la kuchemsha na vipande vya paja la nguruwe, waambie "sin jamón" wataacha. Bilinganya za kukaanga zinazomwagiwa asali nyeusi ya miwa, usizikose. Flamenquín ikwepe, ni nyama ya nguruwe iliyoviringishwa. Kuna kibaa kidogo kinachotazamana na ukuta wa msikiti, kinauza tortilla ya viazi nene kuliko kitabu cha sheria. Ni chipsi mayai yetu iliyosoma, unakula umesimama barabarani na uma wa plastiki. Migahawa ya Kiarabu na vyumba vya chai vipo humo humo Judería.

Tahadhari: akina mama wanaokupa kitawi cha rozimari karibu na msikiti. Ukikipokea, umenunua. Weka mikono mfukoni, tabasamu, pita.

Kibarua wa Buguruni

Mkuu, nauli na viza? Na ni mwezi gani mzuri?

Mzururaji

Pasipoti zetu za Afrika Mashariki zinataka viza ya Schengen, hakuna mkato. Treni ya mwendokasi kutoka Madrid ni karibu saa moja na dakika 45, Sevilla ni dakika 45. Kampuni ziko kadhaa zinashindana, ukikata tiketi wiki kadhaa kabla unalipa pungufu sana. Kutoka stesheni hadi mji mkongwe unatembea.

Julai na Agosto usithubutu, joto linapita nyuzi 40 na mchana mji unalala. Mwezi wa nne ni wa maua ya michungwa. Nusu ya kwanza ya Mei ni mashindano ya nyua za ndani: watu wa kawaida wanafungua milango ya nyumba zao, unaingia bure kuona kuta nyeupe zilizojaa vyungu vya maua hadi juu, wanavyomwagilia kwa kopo lililofungwa kwenye ufito mrefu. Yalianza mwaka 1921, na UNESCO iliyatambua mwaka 2012. Mtaa wa San Basilio ndio wenyewe. Ila vyumba mwezi huo vinapanda bei na vinaisha. Ukija mwezi mwingine, jumba la Palacio de Viana lina nyua 12, unalipa unaona wakati wowote.

Fundi Mwashi

Na Madinat al-Zahra? Umeahidi.

Mzururaji

Iko kilomita 8 hivi magharibi ya mji, kwenye mteremko wa mlima. Abdulrahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, mji mzima wa kifalme wenye ngazi tatu: jumba lake juu, bustani katikati, watu wengine chini. Haukumaliza hata miaka mia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikauangusha kati ya 1010 na 1013, na kwa karne nyingi watu walichimba mawe yake kujengea kwingine. Kilichofukuliwa mpaka sasa ni kama sehemu moja ya kumi. Uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2018.

Fundi, wewe utaenda kutazama jinsi walivyounganisha vipande vya michongo ya ukutani. Maelfu ya vipande vimelazwa chini vikisubiri kupata mahali pake. Anzia makumbusho yaliyo bondeni, yamefukiwa nusu ardhini yasishindane na magofu. Yalipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2010.

Kipanga wa Mlimani

Nataka kumpeleka mama yangu, magoti yanamsumbua. Ataweza?

Mzururaji

Ataweza, lakini mjipange. Kutoka mjini kuna basi la watalii, mnakata tiketi kabla. Linawashusha makumbusho, na hapo kuna basi dogo linalopandisha hadi kwenye magofu. Huko juu njia inateremka, kurudi ndiko kwenye kupanda, na kivuli ni kidogo. Kiingilio kwa sisi tusio raia wa Ulaya ni euro moja na nusu. Mwache mama akae kwenye kuta za chini zinazotazama bustani, wewe shuka uzunguke magofu umrudie. Beba maji. Jumatatu pamefungwa.